Kirusi Kilichohasiwa

"Mzee amekubali! Mara hii amekubali, Mama Rosina. Unataka nini tena, akubali kwa Kilatini?"

"Amekubali jini," Tadea alijibu. "Tiba hajaikubali, maana haijui."

"Jini, jeni. Tofauti ni herufi moja."

"Hata kufua na kufa tofauti ni herufi moja. Nikikuaga naenda kufa mtoni, utakaa hapo hapo unywe chai?"

Cuthbert aliangalia kikombe chake kana kwamba jibu lilikuwa limezama humo. Walikuwa jikoni kwa mzee Ildefonsi, baba yake Tadea, kwenye mteremko ulio juu ya Litembo, wakigombana kwa kunong'ona kama wezi walioshindwa kuelewana nani apite dirishani. Mbele yao palikuwa na ungo wa usipa, wale dagaa wa ziwani ambao Cuthbert alipanda nao jana kutoka kwao Chiwanda, na Tadea alikuwa akiwachambua kwa hasira, anatupa vijiti na mchanga mlangoni. Mwenye nyumba walikuwa wanamsikia uani. Alikuwa anapigilia ubao kwenye banda la nguruwe huku akiimba wimbo wa kanisani, ubeti mmoja anajua maneno, wa pili anavumisha tu.

Nyundo hiyo ndiyo iliyompa Cuthbert nguvu ya kubisha.

"Sikiliza," alisema. "Tangu mwezi wa tatu ulishawahi kumsikia akigonga kitu?"

Tadea hakuwahi kumsikia. Mwezi wa tatu ndipo baba yake alipoambiwa kwamba kile kinachomjaa upande wa kulia chini ya mbavu ni kansa ya ini. Kuanzia siku hiyo alikaa. Mashimo yake ya ngoro, kile kilimo cha Wamatengo cha mteremkoni, yalilimwa na watu wengine, kahawa ikachumwa na watu wengine, na kila alipoombwa aende Dar es Salaam alitoa jibu lile lile: kaburi lipo hapa hapa, safari ya nini?

Mambo yaligeuka Jumapili. Daktari mmoja wa Dar, Lidia kwa jina, alimpigia mzee simu. Hospitali yao ilikuwa kwenye utafiti wa kutibu uvimbe wa ini kwa njia mbili kwa pamoja, tiba ya jeni na mionzi, na vipimo vya mzee vilionyesha anafaa. Simu ya mzee ilikuwa imezimwa, kwa hiyo daktari akapiga namba ya pili iliyoandikwa kwenye faili, ya mkwewe. Cuthbert wakati huo alikuwa amesimama juu ya mwamba ufukweni Chiwanda akitafuta mtandao, upepo unampiga sikioni, wanawake wawili wanagombania usipa chini yake. Alisikia alichosikia. Kisha akamwandikia mkwewe ujumbe: *Shikamoo baba. Watakutia jini kwenye ini halafu mionzi. Daktari atapiga Jumanne saa tano.*

"Kidole kiliteleza," alikuwa amejitetea jana usiku.

Tadea alimjua mumewe miaka kumi na tisa. Kabla ya kidole, sikio ndilo lililoteleza.

Mzee Ildefonsi aliusoma ujumbe huo kwa sauti, mbele ya watu waliopita kunywa togwa baada ya misa. Wakamtazama waone atakavyokasirika. Badala yake akacheka, mara ya kwanza kwa miezi minane, akasema atakwenda. Kitu kilichomwingia hakionekani, akawaeleza. Sasa hatimaye watu wa hospitali wamekiri kwamba kisichoonekana hufukuzwa na kisichoonekana mwenzake. Mionzi peke yake ni tochi tu. Lakini jini akikishika na mionzi ikikipiga, hapo kuna kazi. Mpaka jioni mlima mzima ulikuwa umeshajua kwamba Ildefonsi anatiwa jini la serikali.

Kilichomkera Tadea zaidi ni kwamba maelezo yale hayakuwa mabaya sana. Alikuwa amesoma karatasi zote alizotumiwa na daktari kwenye simu yake, kurasa kumi na moja, na ukiondoa jini, mzee alikuwa amekaribia.

"Saa tano daktari anapiga," Tadea alisema. "Anamuuliza aeleze kwa maneno yake mwenyewe watamfanyia nini. Ndiyo sheria yao, asiyeelewa hachukuliwi. Akisema jini?"

"Hatasema jini. Tunamfundisha atamke e. Je-ni. Je-ni. Dakika tano."

"Kwa hiyo atasaini matamshi."

"Atasaini apone!"

"Nyie watu wa ziwani," Tadea alisema, "mkiona mtumbwi unavuja mnaupaka rangi."

"Na nyie Wamatengo mkiona shimo mnachimba jingine pembeni yake." Cuthbert aliinama karibu, sauti ikashuka. "Mama Rosina, ukishaanza kumweleza huwezi kuishia kwenye jeni. Utafika kwenye lile neno jingine."

Tadea aliacha kuchambua.

Lile neno jingine lilikuwa ukurasa wa nne. Jeni haitembei yenyewe. Ili iingie ndani ya uvimbe inabebwa na kirusi. Na katika nyumba hii neno kirusi lilikuwa na maana moja tu. Kilian, kaka yake Tadea, mtoto wa kwanza wa mzee, aliletwa kutoka Songea mwaka elfu mbili na tatu akiwa mwepesi kama gunia la manyoya, akalala chumba cha upande wa kahawa, na hakutoka kwa miguu yake. "Ana virusi," watu walisema, kisha wakaacha hata kusema hivyo. Mama yake Tadea alikufa miaka miwili baadaye, wengine wanasema kwa shinikizo la damu.

"Mimi ndiye niliyemzika kaka yangu," Tadea alisema. "Najua hilo neno litamuuma wapi."

"Basi nyamaza."

Alifikiri kunyamaza. Si kwamba hakufikiri. Baba yake alikuwa anaimba pale nje, na mwanadamu ana haki ya kutaka wimbo uendelee. Lakini Tadea hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Watoto wake wanne walikua wakiambiwa kabla ya kuchomwa kwamba sindano inauma. Walimchukia dakika moja, wakasahau, na mpaka leo wakimuuliza jambo wanaamini jibu. Kazini, kata ya Ruanda, ambako stashahada ya kilimo ilimfanya bibi shamba, alikuwa amewaambia wanaume wazima mbele ya wake zao kwamba mahindi yao yameota ukungu wenye sumu, wasiyale, wasiwape nguruwe, wayatupe. Walimtukana, wakayatupa. Mkulima ukimdanganya msimu huu, msimu ujao hakufungulii mlango.

"Wakimchoma hiyo sindano," alisema akisimama, "halafu siku ya tatu akasikia nesi akisema kirusi, atakuwa Dar, kitandani, peke yake, na sisi tulijua. Hapo ndipo atakapokufa, Cuthbert, na si kwa kansa."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akatoka.

Mzee Ildefonsi alikuwa amepiga goti moja, misumari mitatu mdomoni. Nyuma ya ubao vitoto vya nguruwe saba vilikuwa vinasukumana kumtazama. Kahawa ilikuwa imechanua wiki hiyo baada ya mvua za kwanza, na uwanja wote ulinukia, hata ule upande wa banda.

"Baba, nina neno."

"Sem—" Misumari ilimzuia kumalizia.

"Ule ujumbe wa Cuthbert una kosa. Si jini. Ni jeni."

Mzee alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka juu ya ubao. "Jeni ndiyo nani?"

"Si mtu, Baba. Ni maagizo. Yamo ndani ya kila kitu chenye uhai, madogo kuliko unavyoweza kuona. Ndiyo yanayoufanya mche wa kahawa uzae kahawa na usizae parachichi. Sasa kwenye ini lako kuna seli zimepoteza agizo moja, lile linaloiambia seli ikiharibika ife. Zenyewe zinaharibika na bado zinazaana. Ndiyo huo uvimbe. Mionzi inaweza kuziumiza, lakini nyingi zinaamka tena, na ukiongeza mionzi mikali zaidi ini lenyewe halihimili. Hawa madaktari wanalirudisha agizo lile kwanza, kwa sindano, ndani ya uvimbe. Mionzi ikija baadaye, seli iliyoumia inakumbuka kufa."

"Inakumbuka kufa," mzee alirudia taratibu. Alionekana kuipenda. "Na hayo maagizo yanaingiaje? Yana miguu?"

Mlangoni kwa jiko Cuthbert alikohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Yanabebwa," Tadea alisema.

"Na nini?"

"Na kirusi."

Nguruwe mama aliguna ndani ya banda. Mzee Ildefonsi aliishika nyundo, akaitazama, akaiweka chini. Akainuka kwa kushika nguzo, akaenda kukaa juu ya gogo la kupasulia kuni, mgongo kwao.

"Jini nilikuwa nimemkubali," alisema mwishowe.

"Najua, Baba."

"Kirusi hapana. Kimeshakula mmoja hapa. Hakinili na mimi."

"Si kile cha Kilian. Ni cha mafua, kile kinachotupiga sote kila—"

"Virusi ni virusi! Nyoka ukisema huyu wa kijani, huyu wa kahawia, atakuuma kwa rangi?" Alitikisa kichwa. "Siendi. Mwambie huyo daktari nashukuru."

Tadea alisikia nyuma yake sahani ikiwekwa chini kwa nguvu. Hakuhitaji kugeuka kuuona uso wa mumewe. Saa ilikuwa nne na robo.

Hapo ndipo shangazi Ottilia alipojitokeza kwenye njia ya miguu, anahema, rozari mkononi na daftari la jumuiya kwapani. Ottilia alikuwa dada mdogo wa mzee, mjane, mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo kwa mwaka wa tisa, na tangu Jumapili alikuwa hajalala vizuri.

"Shikamoo shangazi," Tadea alisema.

"Marahaba. Jini yuko wapi?"

"Hayupo. Lilikuwa kosa la ujumbe."

"Nilijua!" Ottilia alimwelekezea Cuthbert rozari. "Nilijua ni wewe, Mwanglikana. Nimeita watu saa kumi leo waje tumkemee. Nimeita na wa jumuiya ya bondeni."

"Nisamehe, shangazi," Cuthbert alisema kwa unyenyekevu.

"Sasa kama si jini, ni nini?"

Tadea alimweleza. Alieleza kwa kifupi zaidi mara hii, na hakulikwepa neno. Ottilia alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajipepea kwa daftari.

"Kwa hiyo ni kirusi tu."

"Ni kirusi."

"Asante Yesu."

Mzee aligeuka juu ya gogo lake. "Unamshukuru Yesu kwa kirusi?"

"Namshukuru, ndiyo. Ugonjwa hauna dhambi, kaka. Jini ungempeleka wapi siku ya ekaristi?"

"Wewe unasema hivyo kwa sababu si wako aliyekufa."

Tadea alifumba macho. Lakini shangazi hakupandisha sauti. Na kwa Ottilia kutopandisha sauti kulikuwa jambo la kutisha kidogo.

"Nani alimwogesha Kilian?" aliuliza. "Wewe ulikuwa unasimama mlangoni. Sikulaumu, wanaume wote walisimama mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Nimekaa na kirusi chumba kimoja wiki kumi na moja, nakijua kuliko wewe. Na nikuambie kilichomuua mwanao. Dawa zilifika huku mwaka uliofuata. Mwaka mmoja tu, Ildefonsi. Leo imekuja inayofika kabla ya jeneza, wewe unaikataa kwa sababu ya jina lake."

Kitoto kimoja cha nguruwe kilipenyeza pua kwenye nafasi ambayo haikuwa imepigiliwa bado, kikaikuta haitoshi.

Mzee alijifuta uso kwa kiganja, juu mpaka chini. Aliposema tena hakumtazama dada yake, alimtazama Tadea.

"Hicho cha mafua. Kikishaingia si kitazaa? Leo kimoja, kesho elfu. Ndiyo tabia yao."

"Hakizai. Wameitoa ile sehemu inayokiwezesha kuzaa."

"Wameitoa."

"Ndiyo. Kinaingia, kinafikisha mzigo, basi. Hakiwezi kuzaa kingine."

Mzee Ildefonsi alikaa akifikiri, macho yameelekea bandani.

"Wamekihasi?"

Kurasa kumi na moja hazikuwa zimepata neno hilo.

"Wamekihasi, Baba. Hivyo hivyo."

Hapa lazima ieleweke kwamba mzee huyu alikuwa amehasi nguruwe kwa miaka arobaini, Litembo na vijiji vyote vya jirani. Watu walimfuata mpaka kutoka Mbinga mjini. Alikuwa na mkono mwepesi, wembe mmoja kwa kila dume, majivu na maji ya chumvi, na kitoto kilikuwa kinalia zaidi kwa kushikwa kuliko kwa kukatwa. Akina mama waliwanyamazisha watoto wa kiume kwa jina lake. Mtu huyo, ukimwambia kitu kimehasiwa, hakubali kwa kusikia tu.

"Nani kakihasi?"

"Wataalamu. Maabara."

"Wana uzoefu?"

"Baba, mimi sijui—"

"Maana kuna kuhasi na kuhasi." Alikuwa amesimama tayari, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuchonga hewani. "Dume la Alphonce mnalikumbuka? Nililikuta lina moja tu nje. La pili limejificha tumboni. Nikamwambia Alphonce, hili bado, usiliachie. Akaona mimi mzee nataka kurudi kunywa pombe yake. Akaliachia. Miezi sita baadaye majike manne ya katekista yana mimba, na Alphonce anaapa dume lake limehasiwa! Lilikuwa limehasiwa. Nusu."

Cuthbert alicheka kwa sauti, akajizuia, akashindwa.

"Cheka, cheka," mzee alimwambia. "Wewe ndiye uliyeniletea jini. Huyo daktari anapiga saa ngapi?"

"Saa tano, baba."

"Aje na majibu."

Waliosubiri simu hiyo walijipanga uani kama watu wa kupigwa picha: mzee juu ya gogo, Ottilia kwenye ndoo yake, Tadea amechuchumaa na simu mkononi, Cuthbert nyuma yao na ungo wa usipa ambao hakuna aliyemwambia aushike. Saa tano na dakika nne simu ikaita. Tadea akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo mzee," ilisema sauti ya mwanamke kijana.

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Nzuri, joto tu. Mzee wangu, kabla hatujafika mbali nataka uniambie wewe mwenyewe, kwa maneno yako. Tukikuchukua kwenye utafiti huu, tutakufanyia nini?"

Mzee Ildefonsi alinyoosha mgongo.

"Mnachukua kirusi cha mafua. Mnakihasi. Halafu mnakibebesha barua. Mnakiingiza kwenye uvimbe kwa sindano. Kikifika kinatoa barua kwa hizo seli mbovu, na barua inasema: ukiumizwa, ufe. Kirusi chenyewe hakina watoto, kinaishia humo humo. Baadaye mnaleta mionzi, mnaziumiza. Zimeshasoma barua. Zinakufa."

Simu ilitoa mkwaruzo wa karatasi tu.

"Haloo?" mzee alisema.

"Nipo, mzee, naandika. Umesema mnaki... hasi?"

"Kuhasi. Kama nguruwe."

"Naelewa kuhasi, mzee. Kwetu tunafuga." Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayeuma mdomo. Nyuma yake mtu mwingine alisikika akicheka waziwazi. "Umeeleza vizuri. Nitaandika kama ulivyosema."

"Sasa swali langu. Mimi nimehasi miaka arobaini. Kuna dume unalihasi, moja limejificha tumboni hulioni, na kwa nje linaonekana safi. Hivi virusi vyenu mnahasi vingapi kwa mara moja?"

"Ni... mamilioni kwa mamilioni, mzee."

"Basi kati ya hao wote, aliyejificha anakosekanaje?"

Tadea alisubiri daktari atoe jibu la kulaza mtoto. Kama angelitoa, yeye mwenyewe angeikata simu.

"Hilo ni swali zuri sana," daktari alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Kila chupa inapimwa kabla haijatumika. Ikikutwa na vinavyozaa inatupwa. Lakini siwezi kukuambia kipimo chetu kinaona kila kimoja. Ndiyo maana siku za kwanza utakaa chumba chako peke yako, tukuangalie homa, tupime damu. Na hata kikiponyoka kimoja, ni cha mafua. Mwili wako unakijua."

"Kwa hiyo mnalifungia dume kwanza, mnaliangalia."

"Tunalifungia."

"Alphonce angekuwa na akili hiyo," mzee alimwambia Ottilia pembeni.

"Kuna mengine lazima nikuambie, mzee. Huu bado ni utafiti. Tuliowatibu ni wachache. Wapo ambao uvimbe umesinyaa, wapo ambao haukusikia kitu, na mmoja ini lake lilichoka tukalazimika kuacha katikati. Siwezi kukuahidi wewe utakuwa upande gani. Na unaweza kukataa siku yoyote, hata tukiwa tumeshaanza, hakuna atakayekufukuza hospitali."

"Hata sindano ikiwa imeshaingia?"

"Unaweza kukataa inayofuata. Iliyoingia siwezi kuitoa."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, ingawa daktari hakuweza kumwona. Tadea aliisogeza simu karibu zaidi na baba yake. Alikuwa amesema alichopaswa kusema. Kama baba yake angekataa sasa, angekataa akijua, na yeye angerudi Ruanda na kulia njiani na kesho yake kwenda kazini. Hilo alikuwa amejiandaa nalo. Alichokuwa hajajiandaa nacho ni kusubiri.

"Wewe ni mtoto wa nani, daktari?" mzee aliuliza.

"Wa Mbozi huko, mzee. Baba yangu ni mkulima wa kahawa."

"Angekuwa yeye ungemchoma?"

"Ningempigia simu kama hii, mzee. Nikamwambia haya haya. Halafu ningeomba akubali."

"Basi andika Ildefonsi amekubali."

Ottilia alifanya ishara ya msalaba. Ungo wa Cuthbert uliinama, usipa kadhaa wakamwagikia mgongoni kwa Tadea, na hakuna aliyejali isipokuwa kuku.

"Karatasi utasaini ukifika, mzee, tutaisoma pamoja tena," daktari alisema. "Kitanda nakushikia mpaka Ijumaa. Utafika lini?"

"Kesho."

"Kesho?" walisema watu wanne kwa pamoja, mmoja akiwa Dar es Salaam.

"Basi linatoka Mbinga alfajiri. Leo tunalala kwa Benadetha pale mjini." Benadetha alikuwa mdogo wake Tadea. "Asante, mwanangu. Tutaonana." Akamwashiria Tadea akate.

"Baba, nahitaji siku mbili," Tadea alianza. "Niombe ruhusa kazini, nipange watoto—"

"Wewe una kazi na watoto, baki. Nilikaa miezi minane, nikikaa siku mbili nyingine nitapata sababu." Aligeuka. "Ottilia."

"Abee."

"Wewe hukiogopi. Utanisindikiza."

Shangazi aliinua daftari lake juu. "Na jumuiya? Nimeita watu saa kumi!"

"Waje. Wamwombee huyo jini, maskini, amekosa kazi."

Ottilia alicheka mpaka akashika mbavu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kisha akainuka kwenye ndoo na kushuka njia ya kwake karibu anakimbia, akipiga kelele huku nyuma kwamba nusu saa, nusu saa tu, asimwache.

Tadea aliingia chumbani kwa baba yake. Alitoa mashati mawili, suruali ya misa, sweta, faili la hospitali. Akakunja, akapanga katika begi. Cuthbert alimpigia Dastan, bodaboda wa Litembo, akamwambia aje na mwenzake, pikipiki mbili, abiria wazee, asije na mbwembwe. Kisha akafunga usipa waliobaki kwenye mfuko.

"Hao wa nini?" Tadea alimuuliza.

"Benadetha. Atawalisha wazee jioni." Akasita. "Nilikuwa na makosa, Mama Rosina."

"Ulikuwa nayo. Leta kamba."

Pikipiki zilipofika mzee alikuwa amenawa, amevaa koti. Alimwambia Cuthbert ubao uliobaki apigilie misumari miwili juu na miwili chini, asibane. Ottilia alikuwa ameshapanda ya kwanza, begi lake mapajani, rozari shingoni, anamwelekeza dereva kona za barabara ambayo dereva huyo alikuwa akiipita kila siku. Mzee alishika bega la Dastan, akapitisha mguu taratibu, akatulia.

"Tusubiri mama yule afunge begi vizuri?" Dastan aliuliza.

"Atafungia mbele," mzee alisema. "Washa."

Dastan akawasha. Tadea alisukuma upindo wa koti la baba yake usiguse tairi, akarudi nyuma hatua moja, na pikipiki zikashuka.